Filta ya koni kwenye Runx: tengeneza, lakini shingo ya sensa usiiguse

Swali: "Nipo Chumbageni, Tanga. Natumia Toyota Runx yenye injini ya 1NZ-FE, otomatiki. Fundi wangu anasema tung'oe boksi la filta, tuweke bomba la plastiki la inchi 3 na filta ya koni (ile iliyo wazi, yenye umbo la pia), tutoboe tundu la sensa kwenye bomba hilo, gari litakuwa jepesi na litapunguza kula mafuta. Mwezi haupiti bila kwenda Lushoto, na wikiendi huwa nashuka Pangani. Nifanye? Na kama nafanya, nitumie vifaa gani na vipimo gani?"

Ndugu yangu, kufanya unaweza, na vifaa vingi utavipata hapo hapo mjini. Lakini kwa mpango aliokupa fundi, gari litanguruma zaidi na litavuta vibaya kuliko sasa. Mambo mawili yanaharibu mpango wake: joto la chini ya boneti, na lile tundu la sensa ya kupima hewa kwenye bomba pana. Bomba lenyewe ndilo jambo dogo kuliko yote, ingawa ndilo linaloangaliwa zaidi.

Tuanze na mafuta, maana jibu lake ni fupi. Petroli haitapungua. Kwenye injini ya injekta kompyuta hupima hewa iliyoingia, kisha hutoa mafuta yanayolingana nayo. Filta ikibana kidogo, wewe unakanyaga zaidi bila hata kujua, throtoli (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali) inafunguka zaidi, inaingia hewa ile ile na mafuta yale yale. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ililipima jambo hili mwaka 2009 kwa magari ya kisasa ya injekta: filta iliyoziba haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, ilichopunguza ni kasi ya gari kuchukua mwendo. Habari ya filta chafu kula mafuta ni ya zama za kabureta. Kwa hiyo koni itafute kwa sababu ya sauti, na kwa nguvu kidogo pale unapokanyaga mpaka mwisho. Hakuna sababu ya tatu.

Nguvu hiyo ni kiasi gani? Hili usikubali kuambiwa na mtu, lipime kabla hujakata kitu. Nunua mita 4 za ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wanaoutumia mafundi ujenzi kupimia levo. Ufunge kwenye ubao wa sentimita 70 kwa umbo la herufi U, mimina maji yenye rangi kidogo mpaka katikati ya ubao. Ncha moja iache wazi ndani ya gari. Ncha ya pili ipitishe dirishani mpaka chini ya boneti, uiunge kwenye ile njia ndogo iliyo kwenye bomba la hewa, baada ya filta na kabla ya throtoli, ambako huingia mpira wa kupumulia unaotoka tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Tundu la tapeti kava lizibe kwa muda wa jaribio tu. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka na kitupu, weka gia kwenye L au 2, kanyaga mpaka mwisho hadi mizunguko 5,500 au 6,000 kwa dakika, na aliyekaa pembeni asome tofauti ya urefu kati ya maji ya upande huu na ya upande ule.

Kila sentimita 10 za tofauti hiyo ni kilopaskali 1 hivi, yaani asilimia 1 ya kanieneo ya hewa ya pwani, na nguvu ya injini hufuata kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. 1NZ-FE ina nguvu farasi 109 hivi. Ukisoma sentimita 20, basi hata ukiondoa boksi, filta na mipira yote ukabaki na mdomo wa throtoli mtupu, utakachopata hakizidi farasi 2 hivi. Rudia kipimo kwa filta mpya halisi ya karatasi. Ikiwa namba imeshuka kwa kiasi kikubwa, aliyekuwa anakubana ni filta chafu. Nunua filta mpya, mambo yamekwisha kwa gharama ndogo. Soma pia kwenye mizunguko 2,000 ukienda taratibu kama uendeshavyo mjini: maji hayatasogea kwa kiasi cha kuonekana vizuri. Hapo boksi la kiwandani halikubani kabisa, na hakuna koni itakayokupa kitu.

Sasa linganisha farasi hao 2 na kinachochukuliwa na joto. Boksi la kiwandani lina mdomo unaovuta hewa ya nje, mbele ya gari, kabla haijapita kwenye rejeta. Koni iliyo wazi huvuta hewa ya chini ya boneti, ambayo feni imeshaipitisha kwenye rejeta yenye moto. Hewa ya nyuzi 32 ya mchana wa Tanga ikipashwa hadi nyuzi 60, jambo la kawaida kabisa gari likiwa kwenye foleni au likipanda mlima, uzito wake kwa lita hupungua kwa asilimia 8. Nguvu hupungua kwa asilimia 5 hadi 8, maana hata hewa baridi hupata joto kiasi ikifika kwenye manifodi, yaani mabomba yanayoigawa hewa kwa kila silinda. Hao ni farasi 5 mpaka 9. Umeingiza wawili kwa mlango wa mbele, umetoa zaidi ya watano kwa mlango wa nyuma.

Safari yako ya Lushoto ndiyo mfano mbaya kuliko wote. Kutoka Mombo kwenda juu ni kilomita 33 hivi za kona na mwinuko, na unapanda karibu mita 1,000. Mwendo ni mdogo, mizunguko ni mikubwa, feni inafanya kazi muda wote, upepo wa kupoza chini ya boneti haupo. Hapo ndipo koni isiyo na kinga hunywa hewa ya moto kuliko mahali pengine popote, na hapo hapo ndipo unapohitaji nguvu. Juu ya hayo, Lushoto mjini uko kama mita 1,400 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa imeshapungua kwa karibu asilimia 15. Upungufu huo ni wa mlima wenyewe. Filta ya aina yoyote hairudishi.

Kwa hiyo koni bila kinga ya joto na bila njia ya hewa ya nje usiiweke. Ukiviweka vyote viwili kwa uangalifu, utabaki na sauti nzuri na farasi wako mmoja au wawili.

Jambo la pili ndilo linaloua injini. Sensa ya hewa, ile inayoitwa MAF, ina waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta husoma umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Lakini sensa haigusi hewa yote. Inaonja sehemu ndogo tu inayopita kwenye kitundu chake, kisha kompyuta inakadiria iliyobaki kwa kuamini kwamba shingo iliyoshika sensa ina upana ule ule wa kiwandani. Ukiihamishia sensa kwenye bomba pana, hewa ile ile inapita taratibu zaidi, na sensa inaripoti hewa kidogo kuliko iliyoingia. Hesabu yake ni ya mraba. Tuseme shingo ya kiwandani ina milimita 58 kwa ndani na bomba jipya lina 73: 58 mara 58, gawanya kwa 73 mara 73, unapata 0.63. Kompyuta inaona asilimia 63 ya hewa halisi, na mafuta yanatoka kwa kipimo hicho.

Kompyuta itajaribu kusahihisha kwa kusikiliza sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi, ila ina mpaka wake, na upungufu wa asilimia 37 unaupita. Taa ya injini itawaka na msimbo P0171, maana yake mafuta ni pungufu kuliko hewa. Kibaya zaidi, ukikanyaga mpaka mwisho kompyuta huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kutegemea hesabu zake yenyewe. Hesabu zikiwa za uongo, injini inaungua kwa mafuta pungufu wakati ina mzigo mkubwa: inagonga, valvu za ekzosi zinaungua, pistoni zinatoboka. Kupanda mlima wa Soni, njiani kwenda Lushoto, kwa bomba la namna hiyo ni kuichoma injini kwa mikono yako mwenyewe.

Ajabu ni kwamba upana huo hauna faida yoyote. Injini ya lita 1.5 kwenye mizunguko 6,000 huvuta hewa lita 65 hivi kwa sekunde. Kwenye bomba la milimita 63 hewa hiyo hukimbia mita 22 kwa sekunde, kwenye la 76 mita 15 na kidogo. Tofauti ya mbano kati ya hayo mawili ni kama sentimita moja na nusu ya maji kwenye ule mpira wako wa levo. Haifiki hata nusu ya farasi mmoja.

Basi fanya hivi. Shingo ya sensa ibaki ya kiwandani, na sensa isitoke ndani yake. Nenda kwa wauza spea za mtumba, nunua kifuniko cha juu cha boksi la filta la Runx au Corolla yenye injini ile ile ya 1NZ-FE. Hakikisha kina shingo nzima na matundu mawili ya skrubu za sensa, na kabla ya kulipa linganisha kwa kalipa (kipimo cha kipenyo) upana wa ndani na wa kwako. Hiki ndicho utakachokata. Boksi lako mwenyewe lifute, lifunge kwenye mfuko, liweke ndani ya nyumba. Siku ukiuza gari au ukichoka na kelele, utarudi ulikotoka kwa nusu saa.

Kata kifuniko cha mtumba kwa msumeno wa chuma, ukiacha ukingo bapa wa sentimita 3 hadi 4 kuzunguka shingo. Kwa ndani, mdomo wa shingo una kingo iliyoviringwa kama mdomo wa tarumbeta. Usiikate wala kuipiga msasa, kwa sababu ndiyo inayolaza hewa vizuri kabla haijafika kwenye waya. Kama kuna wavu au visega mbele ya sensa, viache vilivyo. Sasa chukua bati la alumini la milimita 3, lichonge umbo la ule ukingo, toboa katikati tundu linalolingana kabisa na mdomo wa shingo. Likazwe kwenye ukingo kwa bolti 6 za milimita 5, katikati gesketi ya mpira au silikoni ya gesketi isiyozidi unene wa milimita 1. Silikoni ikizidi hutoka kwa ndani na kukaa kama vinyweleo kwenye njia ya hewa, na siku moja kimoja kinang'oka. Upande wa mbele wa bati lichomelewe kipande cha bomba la alumini chenye urefu wa sentimita 6 na kipenyo cha mdomo wa koni, kwa kawaida milimita 60 au 76. Upana hapa hauna tatizo kwa kuwa ni kabla ya shingo. Ila kona isiwepo. Hewa ikitoka kwenye kona na kuingia moja kwa moja kwenye sensa hulalia upande mmoja, na kipimo hupotoka hata kama upana ni sahihi. Koni ikae sawa na shingo, mstari mmoja.

Ukifika hapo tayari una filta ya koni inayofanya kazi, kwa sababu mpira wa kiwandani unaotoka shingo kwenda throtoli bado unafaa. Kwa watu wengi ningesema waishie hapo. Mpira ule una chumba cha kuua sauti, kona laini, na unene unaovumilia injini inapotikisika. Ukitaka sauti zaidi na mwonekano wa chuma, ndipo ubadilishe kipande hicho pia. Baada ya sensa upana wa bomba hausumbui hesabu ya kompyuta, kwa hiyo hapa una uhuru.

Kwa bomba hilo usitumie plastiki ya maji taka. Huanza kulegea kwenye nyuzi 60 na kwenye 80 inapinda, na chini ya boneti utazifikia. Bomba la sailensa la chuma cheusi nalo silipendekezi kwa Tanga. Chumvi ya bahari hulifanya lianze kutu kwa ndani, na magamba ya kutu yakiwa baada ya filta hayana pengine pa kwenda ila kwenye silinda. Nenda kwa mafundi wa stenlesi wanaotengeneza mageti na vishikio vya ngazi. Wana mabomba ya milimita 63 yenye unene wa 1.2 au 1.5. Sentimita 50 na kona moja ya nyuzi 45 au 90 vinatosha, kutegemea kipimo chako. Kabla ya kununua, kunja waya mgumu kuanzia mdomo wa throtoli hadi mahali shingo itakapokaa, uende nao kama kielelezo. Mwambie achomelee kwa gesi ya agoni. Kuchomelea kwa fimbo za kawaida huacha matone ndani yanayoshika kwa muda, kisha yanaachia.

Kwenye bomba hilo ni lazima uchomelee chuchu ya ule mpira wa tapeti kava, kipenyo kile kile cha mpira, pima kwa kalipa. Kosa lililoenea ni kuziba njia hii na kuweka kifilta kidogo juu ya tapeti kava. Injini hupumua kwa kuvuta hewa iliyokwisha kupimwa, ikapita tapeti kava, ikashuka kwenye krenki, ikaingia manifodi kupitia valvu ya PCV, yaani valvu ya kupumulia ya krenki. Ukiweka kifilta pembeni, hewa isiyopimwa inaingia kwa njia hiyo, mzunguko wa chini unayumba, na vumbi la njiani linapata njia ya mkato hadi kwenye oili.

Viungo viwe vya mpira mnene, milimita 4 au zaidi, urefu wa sentimita 7. Mipira ya rejeta za malori ikikatwa inafaa, au silikoni ukiipata. Mpira mwembamba hufyonzwa ukanywea kwenye mizunguko mikubwa, dalili yake ni gari kuishiwa ghafla juu ya mizunguko 4,500. Mdomo wa throtoli na bomba vikitofautiana kipenyo kwa zaidi ya milimita 4, tafuta mpira wenye hatua. Usilazimishe kwa kukaza klipu, hujikunja na kuacha upenyo. Klipu zote ziwe za stenlesi, na dukani uende na sumaku uzijaribu: zinazong'aa lakini zikashikwa kwa nguvu na sumaku kwa kawaida ni chuma kilichopakwa, na miezi ya kusi itazila. Kwenye kila ncha ya bomba weka vidoti vitatu vidogo vya kuchomelea, uvilainishe, ili mpira usichomoke.

Baada ya kukata na kuchomelea, piga tupa kingo zote, osha bomba kwa maji na sabuni, vuta kitambaa ndani mara kadhaa mpaka kitoke cheupe. Kila unga wa chuma utakaobaki unakwenda kwenye injini, kwa kuwa filta iko kabla ya bomba hilo na haiwezi kuuzuia.

Injini hucheza kwenye mauntini zake (raba zinazoishikilia) sentimita moja au mbili unapokanyaga na kuachia. Kwa sababu hiyo bomba lishikwe mahali pamoja tu upande wa bodi, kwa kipande cha bapa cha milimita 20 kwa 3 na raba katikati. Ukilikaza bomba kwa bodi bila raba, mtikisiko wote unaishia kwenye shingo ya plastiki na inapasuka, mara nyingi kwa chini usikoona. Waya za sensa ni tano. Panga koni ikae mahali zinapofika zenyewe. Ikishindikana, ziongezwe kwa kulehemu na mpira wa kusinyaa kwa moto, kamwe si kwa kusokota na selotepu, maana hewa ya pwani huingia kwenye kiungo na ishara ya sensa ni ya volti chache tu. Mpangilio mpya upite mbali na koili za plagi.

Kinga ya joto mpe fundi wa madirisha ya alumini: bati la milimita 1 hadi 1.5, sentimita 60 kwa 60 litatosha. Tengeneza kwanza kwa boksi la karatasi ngumu, jaribu, kata, jaribu tena, kisha ndipo umpe kielelezo. Iwe na kuta pande zote zinazotazama injini na rejeta, na sakafu pia, watu huisahau sakafu na joto hupanda kutoka chini. Ukingo wa juu uvishwe raba ya mlango ili ubane na boneti ikifungwa. Upande wa mbele acha nafasi ya ule mdomo wa kiwandani unaovuta hewa ya nje, uingie ndani ya kinga karibu na koni. Mdomo huo usiutupe hata kwa dawa. Kama haufiki, uongeze kwa mpira wa mikunjo wa milimita 76. Uache koni na nafasi ya sentimita 2 au zaidi kila upande.

Ni kweli kwamba ukimaliza haya yote utakuwa umetengeneza boksi jingine la filta. Ndivyo ilivyo kwa kila mfumo wa koni unaofanya kazi vizuri.

Kuhusu koni yenyewe: chukua kubwa kuliko zote zitakazoenea, kwa mfano urefu wa sentimita 15 na upana wa 12 hadi 15. Injini hii haihitaji ukubwa huo kwa ajili ya hewa, ukubwa ni kwa ajili ya vumbi. Kwa njia zako chagua ya nyuzi kavu. Zile za pamba iliyopakwa mafuta husafisha vizuri zikipakwa kwa kipimo, ila zikizidishiwa, mafuta huruka na kuganda kwenye waya wa sensa, nao unaanza kudanganya. Zile za bei ya chini sana ambazo ukiziinua juani unaona mwanga kupitia kwenye mikunjo, ziache dukani.

Siku ya kufunga: toa nguzo hasi ya betri, bonyeza ulimi wa konekta ya sensa ndipo uvute, fungua bolti za boksi kwa spana namba 10, na mara tu mdomo wa throtoli unapokuwa wazi uzibe kwa kitambaa safi kikubwa, kisichoweza kumezwa. Angalia mshale kwenye sensa uelekee injini. Kabla ya kufunga boneti weka vidonge vya unga uliokandwa juu ya koni, klipu na bomba, funga boneti taratibu, fungua, pima unene uliobaki. Chini ya sentimita moja ni karibu mno.

Kuhakiki uvujaji, watu hupulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye viungo. Kabla ya throtoli njia hiyo haifai, kwa kuwa hapo hakuna mvuto wa maana injini ikiwa haijakanyagwa, tena dawa hiyo inawaka moto. Toa koni, washa injini, ziba mdomo wa shingo kwa kipande cha mbao bapa kilichobandikwa mpira. Injini inatakiwa izimike ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuunguruma, inapata hewa kwingine: kiungo, chuchu ya tapeti kava, kifuniko cha oili au dipstiki isiyokaa sawa. Usitumie mfuko wa plastiki wala kiganja.

Kwa kuwa betri ilitolewa, kompyuta imesahau masahihisho yake ya zamani. Endesha kilomita 30 hivi za kawaida, ndipo uipime kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Soma asilimia za marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, ujumlishe. Kati ya hasi 10 na chanya 10 uko salama. Ikiwa chanya kubwa gari likiwa limesimama linaunguruma, kisha inashuka kwenye mizunguko 2,500, una hewa inayoingia baada ya sensa. Ikiwa chanya na inaendelea kupanda kadiri unavyokanyaga, sensa inasoma pungufu: upana si ule, waya mchafu, au hewa inaingia imepinda. Usikanyage mpaka mwisho kabla namba hizi hazijakaa sawa. Msimbo P0102 au P0113 ukitokea mara tu baada ya kufunga, konekta haijaingia mpaka mwisho au kuna waya umekatika.

Kwenye mashine hiyo hiyo soma joto la hewa inayoingia, maana kipimo chake kimo ndani ya sensa ile ile. Chukua namba hizo kabla ya kubadilisha boksi, na uzichukue tena baada: ukienda kilomita 80 kwa saa kwenye njia ya Muheza, ukiwa umesimama dakika 5, na ukiwa katikati ya mlima wa Lushoto. Ukitembea, isizidi joto la nje kwa zaidi ya nyuzi 10. Mlimani itapanda kidogo. Ikizidi ile ya boksi la kiwandani kwa nyuzi 10 au zaidi, kinga yako inavuja. Tafuta kwanza sakafu, kisha raba ya boneti.

Matunzo kwa njia zako: ifungue koni kila kilomita 3,000 ukiwa unapita njia za vumbi, 5,000 ukibaki kwenye lami. Ukiipuliza kwa upepo, puliza kutoka ndani kwenda nje kwa nguvu ndogo. Kila unapoifungua, futa ndani ya bomba kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na unga mwekundu au mweupe, koni inapitisha vumbi au mdomo wake haujakazwa, na gari lisitembee mpaka ujue ni lipi. Vumbi jeupe la chokaa la upande wa Pongwe na Amboni ni laini sana na hupita penye upenyo mdogo. Waya wa sensa usafishwe kwa dawa yake maalumu tu, bila kuugusa hata kwa pamba. Dawa ya breki haifai. Ukienda kuosha gari, koni ivikwe mfuko kabla ya mtu yeyote kuelekeza mpira wa presha chini ya boneti. Masika haitakusumbua sana kwa upande wa madimbwi, kwa sababu koni yako iko juu. Wanaoshusha filta mpaka ndani ya bampa ndio wanaonyonya maji barabara ikifurika. Lakini hakikisha sakafu ya kinga ina tundu moja la milimita 8 sehemu ya chini kabisa, ili maji yatakayoingia yapate pa kutokea.